Hakimu, wakili au mhadhiri: njia tatu za kuelekea Mahakama ya Juu ya Kenya

Binti anayefanya mafunzo ofisini kwetu hapa Mombasa alikuja wiki jana na karatasi tatu mkononi. Ya kwanza ilikuwa tangazo la nafasi za mahakimu. Ya pili ni barua ya kampuni ya mawakili iliyo tayari kumchukua pindi atakapoapishwa. Ya tatu ni nafasi ya kusoma shahada ya uzamili huku akifundisha kwa muda. "Wakili," akaniambia, "mimi nataka siku moja niketi na wale saba. Nishike ipi?"

Wale saba ni majaji wa Mahakama ya Juu: Jaji Mkuu, naibu wake na wengine watano. Nchi nzima, viti ni hivyo tu. Nimekuwa wakili kwa miaka 18, kwa hiyo siwezi kusema sina upande, lakini nimejaribu kuzipima njia zote tatu kwa mizani moja. Haya ndiyo niliyomwambia, na mengine niliyoyakumbuka baada ya yeye kwenda zake.

Mlango halisi uko wapi

Ibara ya 166 ya Katiba ya 2010 inamtaka jaji wa Mahakama ya Juu awe na uzoefu wa miaka isiyopungua 15. Anaweza kuupata akiwa jaji, afisa wa mahakama, wakili, msomi wa sheria aliyetukuka au mtumishi katika nyanja nyingine ya sheria, na miaka ya kazi hizo inaweza kujumlishwa. Ukisoma hapo unaona kwamba njia zote tatu zinafika.

Sasa tazama waliofika kweli. Mahakama hii ilipoanza mwaka 2011, watu waliowahi kufundisha sheria walikuwa na uzito mkubwa ndani yake: Willy Mutunga, Smokin Wanjala, na Profesa Jackton Ojwang ambaye alikuwa amekwisha kupitia Mahakama Kuu tangu 2003. Njoki Ndung'u alitokea uwakili na Bunge, ambako aliusukuma mswada uliokuja kuwa Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Baadaye mkondo ukabadilika. Kalpana Rawal aliingia 2013, David Maraga, Philomena Mwilu na Isaac Lenaola wakaingia 2016, Martha Koome na William Ouko 2021. Wote sita walikuwa tayari majaji siku walipoteuliwa, wengi wao wakitoka Mahakama ya Rufaa.

Ndiyo maana nilimwambia binti yetu kwamba swali la kujiuliza akiwa na miaka 25 si Mahakama ya Juu. Ajiulize ni njia ipi itamfikisha Mahakama Kuu, ambako Katiba inataka miaka 10. Kutoka hapo ngazi inapandwa na majaji, na hakuna anayekumbuka sana ulianzia wapi.

Vigezo nilivyotumia ni vitano: miaka, pesa, kile ambacho kazi inakufunza, usalama na maisha ya nyumbani, na maswali yatakayokungoja mbele ya Tume ya Huduma za Mahakama, inayowasaili na kuwapendekeza majaji.

Miaka

Kwa hakimu, saa inaanza kuhesabu siku anayoapishwa, na kila mwaka una rekodi yake. Kuna ngazi tano, kutoka hakimu mkazi hadi hakimu mkuu, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 imegawa hata uzito wa kesi za madai kwa ngazi hizo: hakimu mkazi anasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 5, hakimu mkuu yasiyozidi milioni 20. Unajua uko wapi na kinachofuata ni nini. Jaji Ouko ndiye mfano ninaoupenda. Alianza kama hakimu wa wilaya miaka ya 1980, akawa jaji wa Mahakama Kuu 2004, akaingia Mahakama ya Rufaa 2012 na kuja kuwa rais wake, ndipo akafika juu. Ni safari ndefu, tena inategemea nafasi kufunguka, lakini hakuna mwaka uliopotea njiani.

Wakili hana ngazi. Unaweza kukaa miaka 20 ukafanya kesi zilezile za ajali za barabarani, na hiyo miaka 20 ikahesabika kama mmoja uliorudiwa. Maraga alifanya uwakili Nakuru kwa takriban robo karne kabla ya kuitwa. Koome alifungua ofisi yake 1993 na kuingia Mahakama Kuu baada ya miaka 10. Wote wawili waliitwa mwaka mmoja, 2003, na hilo halikuwa sadfa. Mwaka huo kamati iliyoongozwa na Aaron Ringera iliwataja majaji 23 na mahakimu 82 kwa tuhuma za ufisadi na utovu wa maadili, wengi wakaondoka, na viti vikabaki wazi. Mohamed Ibrahim, aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, Lenaola na Ojwang nao walipata ujaji wao mwaka huohuo. Mawakili watano wa kesho ya Mahakama ya Juu waliingia kwa mlango ambao mwaka 2000 hakuna aliyeujua. Nisahihishe kidogo: wanne walikuwa mawakili, Ojwang alitoka chuoni.

Mhadhiri huanza polepole zaidi. Uzamili, kisha udaktari, kisha makala na vitabu, kwa sababu Katiba haitaki msomi hivihivi, inamtaka aliyetukuka. Akishafika hapo, hata hivyo, anaweza kuruka ngazi kadhaa kwa hatua moja. Joel Ngugi alikuwa akifundisha sheria Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, akateuliwa Mahakama Kuu 2011 na Mahakama ya Rufaa 2022.

Kwa wote watatu umri una kikomo kimoja: miaka 70. Rawal na jaji mwenzake Philip Tunoi walidai kwamba waliteuliwa chini ya Katiba ya zamani na hivyo wangestaafu wakiwa na miaka 74, lakini Juni 2016 shauri hilo lilikwisha kwa hasara yao. Anayeanza na miaka 40 apige hesabu yake mapema.

(Msomaji wa Tanzania: kwenu kilele ni Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa 1979 baada ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kuvunjika. Masharti na umri wa kustaafu ni tofauti, ila vigezo hivi vitano vinapimika hukohuko pia.)

Pesa

Hapa sitakawia. Hakimu ana mshahara wa kila mwezi, bima na pensheni. Hatajirika, lakini tarehe 30 anajua atalipa karo. Wakili anaweza kupata kwa kesi moja mapato ya hakimu ya mwaka mzima, kisha akakaa miezi minne akimpigia simu mteja asiyeshika, huku kodi ya ofisi na mshahara wa karani vinamsubiri. Mhadhiri wa chuo cha umma ana mshahara wa heshima katika karatasi, lakini wanaofuatilia migomo ya wahadhiri ya 2024 na 2025 wanajua malipo hayo hucheleweshwa na kugombaniwa. Anayo nafuu moja ambayo hakimu hana: akiwa na cheti cha uwakili anaweza kufundisha asubuhi na kwenda mahakamani mchana.

Kazi inakufunza nini

Hapa ndipo ninapotaka mtu akae na kufikiri, kuliko kwenye pesa.

Hakimu anajifunza kuamua. Shahidi wa Shanzu anatoa ushahidi wake kwa Kiswahili, pengine Kigiriama kupitia karani, naye hakimu anaandika kwa mkono kwa Kiingereza huku akimtazama yule mtu usoni. Kabla ya saa saba ameamua dhamana sita, ameahirisha kesi tatu na kusoma hukumu moja. Ni hakimu, si jaji wa juu, anayehukumu mtu wa wizi wa mabavu, kosa ambalo adhabu yake iliyoandikwa ni kifo. Mwezi Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema adhabu ya kifo ya lazima kwa mauaji inakiuka Katiba. Mahakimu wengi wakaanza kuitumia hukumu hiyo kwa wizi wa mabavu, hadi Julai 2021 mahakama hiyohiyo ikafafanua kwamba ilihusu mauaji pekee. Aliyewahi kushika kalamu ile Kibera au Garissa anajua sentensi moja isiyo wazi ya Mahakama ya Juu inafanya nini kwa watu walio korokoroni. Ujuzi huo haupatikani maktabani.

Upungufu wake ni kwamba kesi za mahakimu ni nyingi na hazimpi mtu nafasi ya kuandika kwa kina. Mwenye ndoto ya kupanda lazima aibe muda wa kuandika hukumu chache nzuri sana kila mwaka.

Wakili anajifunza jinsi kesi inavyojengwa: hati ya kiapo inavyoandikwa, shahidi anavyotayarishwa, na nini kinafichwa. Hilo linasaidia sana katika kesi za uchaguzi wa rais, ambazo zinaanzia na kuishia Mahakama ya Juu. Mlalamishi ana siku 7 za kuwasilisha, mahakama ina siku 14 za kuamua. Ndani ya siku hizo 14 majaji wanasomba maelfu ya kurasa za fomu na viapo. Mnamo 1 Septemba 2017 majaji wanne kati ya sita walifuta uchaguzi wa Agosti 8. Wawili, Ojwang na Ndung'u, walikataa. Mnamo 5 Septemba 2022 wote saba walikubaliana kutupilia mbali madai. Mtu aliyezoea kuchambua ushahidi kwa haraka na kunusa uongo wa hati anakuwa nyumbani katika wiki mbili za namna hiyo. Udhaifu wa wakili ni mazoea ya kuvuta upande mmoja. Inachukua muda kujifunza kusikiliza bila kumtafuta mpinzani.

Mhadhiri anajifunza kuuliza kwa nini. Kesi ya BBI, ule mpango wa kuirekebisha Katiba, iliyoamuliwa 31 Machi 2022, ilihoji kama kuna misingi ya Katiba isiyoweza kubadilishwa kwa njia ya kawaida. Huwezi kuijadili bila kusoma India, Ujerumani na historia yetu wenyewe. Msomi amefanya hivyo maisha yake yote. Anachokosa ni joto la mahakama: mama anayelia, askari anayesinzia, mawakili wawili wanaokatizana. Nimeona wasomi wakubwa wakipata taabu mwaka wa kwanza kwa sababu ya mambo hayo tu.

Nyumbani na usalama

Hakimu huhamishwa. Leo Voi, kesho Lodwar, kesho kutwa Kilgoris. Mume au mke mwenye kazi yake, mtoto anayekaribia mtihani, mzazi mgonjwa, wote hao wako ndani ya barua ya uhamisho ingawa haiwataji. Na kuna la uzito zaidi. Juni 2024 Hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi na afisa wa polisi akiwa kazini katika mahakama ya Makadara, akafariki. Hakimu anakaa hatua chache tu kutoka kwa watu aliowaudhi.

Wakili anachagua mji wake, na hilo ni jambo kubwa. Usalama wake, hata hivyo, unategemea wateja wake. Juni 2016 wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake na dereva wa teksi baada ya kutoka mahakama ya Mavoko. Mteja huyo alikuwa amemlalamikia afisa wa polisi.

Mhadhiri ndiye mwenye ratiba ya upole kuliko wote, na mimi namwonea wivu wa haki kwa hilo. Lakini wanaodhani chuo ni mahali pa amani wamesahau kwamba Mutunga aliwekwa kizuizini 1982 akiwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Na ukifika juu, ulinzi hauondoi hofu. Mnamo 25 Oktoba 2017, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, Mahakama ya Juu ilitakiwa kusikiliza ombi la kuusimamisha. Jioni iliyotangulia, afisa aliyekuwa dereva wa Naibu Jaji Mkuu alikuwa amepigwa risasi. Asubuhi walifika majaji wawili tu, Maraga na Lenaola. Katiba inataka watano, kwa hiyo kesi haikusikilizwa. Kila anayetamani kiti kile namwomba aitafakari asubuhi ile pamoja na watu wa nyumbani kwake.

Mbele ya tume

Tume ina wajumbe 11. Mahakimu wana mwakilishi wao, mawakili wana wawili waliochaguliwa na Chama cha Mawakili, wahadhiri kama kundi hawana. Majina ya waombaji hutangazwa na mwananchi yeyote anaweza kuleta malalamiko. Utatoa sampuli za maandishi yako, cheti cha KRA (mamlaka ya kodi), cha EACC (tume ya kupambana na ufisadi), hata cha HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) kuonyesha mkopo wa masomo umeushughulikia. Kisha usaili, mbele ya kamera, nchi nzima ikitazama.

Hakimu ataulizwa kuhusu hukumu zilizobatilishwa na kesi zilizokaa miaka. Wakili ataulizwa kuhusu pesa za wateja: shilingi moja ya fidia iliyochelewa kumfikia mjane wa mwaka 2009 itarudi. Ataulizwa pia kuhusu wanasiasa aliowatetea. Mhadhiri atasomewa makala yake mwenyewe na kuulizwa kama bado anaamini alichoandika, kisha ataulizwa ameendesha kesi ngapi.

Maisha binafsi nayo huingia. Mutunga alizungumziwa kwa sababu ya kipuli sikioni. Maraga, Msabato, alieleza wazi msimamo wake kuhusu Jumamosi, na mwaka 2017 kikao cha matayarisho ya kesi ya rais kiliwekwa Jumamosi jioni baada ya jua kuzama. Wote wawili walipita. Nimejifunza kwao kwamba jambo lililosemwa mapema na mhusika mwenyewe halimwangushi mtu kirahisi.

Hata kupita usaili si kuapishwa. Mwaka 2019 tume iliwasilisha majina 41 ya majaji. Mmoja alifariki akingoja; Rais Kenyatta aliwateua 34 Juni 2021 na kuacha sita, ambao waliapishwa Septemba 2022 chini ya Rais Ruto. Miaka mitatu ya kungoja, bila kosa lililothibitishwa.

Uko wapi wewe?

Kama wewe ni mtu wa utaratibu, huna mtaji, una wadogo zako wa kusomesha na uko tayari kuishi popote, tuma maombi ya uhakimu. Jiwekee sharti la kuandika kila mwaka hukumu tatu ambazo ungefurahi tume izisome.

Kama una mzazi wa kutunza na huwezi kuondoka mjini, au damu yako inachemka ukiona mtu anaonewa, uwakili utakufaa zaidi. Chukua angalau kesi moja ya Katiba kila mwaka, hata bila malipo, na akaunti ya wateja usiiguse kamwe.

Kama unaweza kusoma saa sita bila kuchoka na swali moja linakusumbua kwa miezi, nenda chuoni, ila chukua cheti cha uwakili na ukitumie. Siku tume itakapouliza kuhusu kesi, uwe na za kutaja.

Kama umekwisha kufikisha miaka 40 na umegusa njia mbili, usione umechelewa. Katiba inajumlisha. Miaka sita ya uhakimu na tisa ya uwakili ni 15 kamili.

Na kama huna hakika, kama binti yetu, fanya alichokubali kufanya wiki hii. Jumatatu atakaa nyuma ya mahakama ya Shanzu tangu asubuhi hadi waondoke. Jumatano atakuwa nami masjala, kisha kwa mteja ambaye hajalipa. Ijumaa atakuwa maktabani na mhadhiri mmoja aliyekubali kumwonyesha rundo la mitihani anayosahihisha. Karatasi zake tatu nimezifungia kwenye droo yangu. Jumamosi atakuja kuchukua moja.